Filimbi ya Mjomba Kwenye Jiwe la Kupumzikia

Kabla hamjasoma mbali, naomba mnivumilie kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na mahali pengine zinapandiana. Tahajia nayo msiitegemee sana. Niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa nakaa nyuma kabisa ili mwalimu asinione. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunimalizia asubuhi nzima, hasa kwa kuwa nauza miche kando ya barabara hapa Bigwa, na mteja akisimama nazifunika karatasi kwa viriba vya kupandia miche asije akauliza naandika nini. Juzi mama mmoja aliziona akauliza. Nikasema ni mahesabu. Akacheka, kwa sababu muda mfupi tu uliopita yeye mwenyewe ndiye aliyenisahihisha chenji.

Biashara ya miche inanifaa. Mche wa parachichi hauulizi habari za nyumbani wala hautaki kuangaliwa machoni. Ukiumwagilia asubuhi na jioni, mmemaliza maongezi. Mimi ni mtu wa haya, na simaanishi ile haya ya adabu ambayo wazee huisifu. Hii yangu ni ya kijinga. Nikiona watu wengi wanakuja njiani nageuka ghafla kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na kuna siku nimegeuka hivyo mpaka nikarudi nyumbani kweli, nikakaa kitandani, nikajiuliza nimesahau nini.

Lakini leo nataka kusimulia habari za jiwe.

Ukitoka Bigwa ukaanza kupanda milima, njia inapita kwanza kwenye migomba na mihogo ya watu, inavuka kijito, halafu inaanza kukunja. Huko juu, baada ya kona ambayo kila mgeni hudhani ndiyo ya mwisho na siyo, kuna jiwe kubwa bapa. Akina mama wanaoshusha ndizi na maharage sokoni hutua mizigo yao hapo. Limekaliwa na watu wengi kwa muda mrefu hata limekuwa laini kama kinu cha bibi. Ukikaa juu yake unauona mji wote wa Morogoro chini yako, mabati yanang'aa, na malori kwenye barabara kuu yanakwenda bila sauti. Nilipokuwa mdogo hapo ndipo palikuwa mwisho wa safari zote nilizozitamani. Watoto wengine walisimulia Dar es Salaam, mimi nilikuwa na jiwe.

Kila likizo ya Desemba mama alinichukua kupanda kwao, kwa kaka yake. Likizo ya katikati ya mwaka hatukupanda, kwa sababu mama alikuwa anakwenda Turiani kuvuna mpunga na mimi nakwenda naye kufukuza ndege. Kumbukeni hilo la Desemba, maana ndilo lililoniponza.

Tulipokaribia ile kona, tukiwa bado chini kwenye migomba, tulianza kusikia sauti kutoka juu. Fuu. Kimya. Fuu, fuu. Kimya kirefu. Fuu. Mama alikuwa anabadilisha kitenge kichwani, anasema, "Haya, mjomba wako keshafika." Na tukikunja kona tunamkuta mjomba amekaa kwenye jiwe, miguu inaning'inia, filimbi mdomoni. Alikuja kutupokea mizigo, na wakati anasubiri alikuwa anafanya mazoezi.

Filimbi yenyewe huwezi kuidhania chochote ukiiona. Ni kipande cha mwanzi kilichozibwa chini, unapuliza kwa juu kama watoto wanavyopuliza chupa ya soda. Haina matundu. Inatoa sauti moja tu, na ukimaliza hiyo umemaliza. Kule milimani wanaiita mbeta, na ngoma yake pia inaitwa hivyohivyo.

Mjomba alikuwa mvutaji wa tumbaku, na kifua chake kilikuwa kama debe lenye mawe. Kwa hiyo wimbo wake nilivyousikia mimi ulikuwa hivi: fuu, kimya, fuu fuu, kimya kirefu, halafu "kho!", halafu fuu. Kila mara hapohapo. Nikaupenda wimbo ule kuliko nyimbo zote za redioni. Nilipenda hasa vile vimya vyake. Nilidhani nimepata wimbo uliotungwa kwa ajili ya watu kama mimi, ambamo mtu anasema neno moja halafu anaachiwa apumzike.

Siku moja nilimwuliza, "Mjomba, mbona unanyamaza sana?"

Akasema, "Hapo wenzangu wanajibu."

Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu, ilikuwepo milima tu. Nikaelewa kwamba milima ndiyo wenzake. Kuanzia siku hiyo, kila akinyamaza mimi nilitega sikio upande wa pili wa bonde, na nawaambieni ukweli, nilikuwa naisikia inajibu. Mtoto akitaka kusikia atasikia.

Shuleni nilipokuwa la tatu mwalimu alitaka kila mmoja aimbe wimbo wa kwao. Wenzangu waliimba nyimbo za mavuno, mmoja akaimba tangazo la sabuni. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikafumba macho, nikaimba wimbo wa mjomba mzima bila kuruka kitu. Fuu. Kimya. Fuu, fuu. Kile kimya kirefu nilikipa haki yake yote. Halafu nikakohoa. Mwalimu akaja akanishika kipaji cha uso, akaniuliza kama nyumbani wananipa dawa. Darasa zima walijigonga kwenye madawati kwa kucheka. Hadi namaliza shule jina langu lilikuwa "Kho", na sijui kama kuna mwenzangu hata mmoja anayelijua jina langu la kweli.

Mjomba alifariki masika iliyopita. Tulipanda mvua ikinyesha, tukazika, tukashuka. Njia ilikuwa tope tupu na pale kwenye jiwe hatukusimama. Kwenye mzigo wa mama ilikuwepo ile filimbi, imefungwa kwenye kanga, kwa sababu mke wa mjomba alimwambia, "Chukua wewe. Ni ya upande wenu."

Hapo lazima nieleze kidogo kwa wasio wa kwetu. Sisi ukoo unafuata kwa mama. Mtu akifa, anayeshika nafasi yake si mtoto wake, ni mtoto wa dada yake. Anarithi jina, anawekwa kwenye kigoda mbele ya watu, na kuanzia siku ile wanamwita kama walivyomwita marehemu. Mjomba alikuwa na dada mmoja tu, naye ni mama. Na mama ana mtoto wa kiume mmoja. Mnaweza kuona hesabu hiyo inakwenda wapi, hata mimi niliiona.

Baada ya mavuno wazee wakatuma ujumbe: siku ya kumaliza msiba mpwa apande, arithi jina, na jioni yake akae kwenye mbeta mahali pa mjomba wake.

Nilimwambia mama kwamba miche haina wa kuimwagilia. Akasema jirani atamwagilia. Nikasema nina tumbo. Akasema huko juu kuna dawa za tumbo. Nikasema, "Mama, siwezi kukaa mbele ya watu."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Wakikukosa watamweka mtu mwingine, wa ukoo mwingine," akasema. "Ana filimbi yake, ina sauti yake. Ya kaka yangu itawekwa juu ya dari kwenye moshi, basi." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa nje. "Nimeshamzika mara moja. Sina nguvu ya kumzika tena."

Kwa maneno hayo hata tumbo langu la uongo lilipona.

Nikaanza mazoezi. Na hapa nilikuwa na kiburi kidogo, ndiyo maana nasema nilistahili yaliyonikuta. Nilijiona nimebahatika: katika dunia nzima kulikuwa na wimbo mmoja tu ninaoujua kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wimbo huohuo ndio niliotakiwa kuupiga. Nilipuliza asubuhi kabla ya wateja, nimechuchumaa nyuma ya miche ya mikaratusi. Fuu. Kimya. Mpita njia mmoja akamwuliza mwenzake, "Kuna mbuzi anaumwa hapa?" Nikakaa kimya hadi wapite. Nikashukuru kwamba wimbo wenyewe unaruhusu.

Siku ikafika, tukapanda mama na mimi. Kulikuwa na jua zuri, njia kavu, na akina mama tuliopishana nao wakishuka na mikungu ya ndizi walisalimia bila kusimama. Tulipofika kwenye migomba chini ya ile kona, mama akapunguza mwendo, akabadilisha kitenge kichwani. Nikajua anafanya kwa mazoea. Alikuwa anasubiri kusikia. Na mimi nilikuwa nasubiri, ingawa filimbi yenyewe nilikuwa nayo mfukoni.

Tukakunja kona. Jiwe lilikuwa tupu, na mjusi mmoja alikuwa anaota jua palepale alipozoea kukaa mjomba. Mjusi akatuona akakimbia. Hata yeye aliona haya.

Tukakaa. Mji ulikuwa chini vilevile, mabati yameongezeka. Mama akanipa kipande cha muhogo, tukala. Kisha akasema, "Hebu nisikie."

Mbele ya mama peke yake naweza. Nikakaa pale pa mjomba, nikaning'iniza miguu, nikapuliza. Fuu. Kimya. Fuu, fuu. Kimya kirefu. "Kho!" Fuu. Nilipomaliza nikamtazama. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga na mabega yanatikisika. Nikadhani analia.

"Umeshika yote," akasema. "Yote kabisa."

Nikavimba kwa sifa. Sasa najua alikuwa anafanya yote mawili, kulia na kucheka, na hakutaka kunivunja moyo kabla hatujafika.

Kijijini watu walikuwa wengi mno. Hitma ilisomwa, pilau ikaliwa, halafu wakatoa kigoda. Niliwekwa hapo nikiwa na kanzu ya kuazima ambayo mikono yake iliishia karibu na viwiko. Mzee wa ukoo akataja jina la mjomba akaniwekea mkono kichwani, akasema huyu ndiye. Baada ya hapo wakapita mmoja mmoja kunisalimia. Watoto wakasema, "Shikamoo babu." Nilitazama nyuma yangu nione babu yuko wapi. Watu wazima wenye ndevu wakasema, "Shikamoo mjomba," na mimi badala ya kusema marahaba nikajibu, "Shikamoo na wewe." Wakaanza kuguna.

Palikuwepo bibi mmoja, mtani wa ukoo wetu. Watani kwenye msiba wana ruhusa ya kusema lolote na hukasiriki. Alikuja akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Huyu ndiye mmetuletea?" akasema. "Tumezika gogo, mnatupa kijiti?"

Watu wakacheka.

"Marehemu alikuwa anaongea hadi tunamwomba anyamaze tulale. Wewe, una ulimi humo ndani? Fungua nione."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo. Nikamwonyesha ulimi.

Bibi akapiga kofi. "Ulimi anao! Basi ni uvivu tu!" Akamgeukia mke wa mjomba, ambaye alikuwa amekaa na wanawake wengine akiwa bado na kaniki. "Mwenzangu, mume wako karudi. Utampikia nini?"

Mke wa mjomba akanitazama kuanzia miguuni. "Uji," akasema. "Huyu bado wa uji."

Hata wazee waliokuwa wanashika tasbihi waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Mimi nikiwa kwenye kigoda nikatamani ardhi inimeze. Aliyenimaliza kabisa alikuwa mama. Mama yangu mzazi, aliyenigombeza asubuhi ileile kwa kutosugua visigino, alikuja na sahani, akapiga goti kidogo, akasema bila kutabasamu, "Kaka, karibu chakula."

Nikapokea sahani kwa mikono miwili kama mtoto.

Jioni, jua bado liko juu ya mlima, tukaenda uwanja wa kupigia mahindi. Wapiga mbeta walikuwa wamekaa nusu duara, wanaume wazima, kila mmoja na mwanzi wake, mfupi kwa mrefu. Katikati yao palikuwa na nafasi wazi na kigunia kimetandikwa. Ngoma mbili zilikuwa pembeni. Kiongozi, mzee mwenye filimbi ndefu kuliko zote, alinionyesha kigunia kwa kidevu.

"Kaa. Unaujua?"

"Naujua wote," nikasema. Ndiyo ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote siku ile, na laiti ningenyamaza.

Mzee akamtazama jirani yake. "Wote?" akasema polepole. "Hata mimi siujui wote. Wewe piga pako tu."

Sikumwelewa. Ngoma zikaanza. Nikainua filimbi, na kabla sijapuliza, mtu wa kulia kwangu akapuliza. Halafu wa mwisho kabisa. Halafu wawili kwa pamoja. Sauti zikaanza kukimbizana kwenye ile nusu duara kama kuku waliotawanywa, kila moja inaruka mahali pake, na ghafla nikagundua kwamba kuku wale walikuwa wanakwenda mahali pamoja. Ulikuwa wimbo. Mmoja, mkubwa, unapanda na kushuka kama ile njia yetu, na kila mtu pale alikuwa ameshika hatua moja tu ya njia hiyo.

Nikaelewa wenzake mjomba walikuwa akina nani. Walikuwa wamekaa kulia kwangu na kushoto kwangu na wana ndevu. Mbeta hupigwa baada ya mavuno, na mimi nilipanda Desemba tu; miaka yote ile nilikuwa naimba matundu ya wimbo.

Nilikuwa bado nimeshangaa hivyo nikapuliza. Palikuwa si pangu. Sauti yangu iliangukia juu ya sauti ya mwingine, na wimbo wote ukajikwaa. Mzee akainua mkono.

"Tena."

Tukaanza tena. Safari hii niliamua kuwasikiliza vizuri, na ndilo lilikuwa kosa, maana nilipendezwa. Nilisikiliza hadi zamu yangu ikapita na mimi nimekaa mdomo wazi kama msikilizaji wa redio. Wimbo ukaanguka palepale.

Bibi mtani akapaza sauti kutoka kwa wanawake, "Mpeni uji kwanza!"

Nikasikia jirani yangu wa kushoto akimnong'oneza mwenzake, "Palepale. Panatushinda tangu mwenyewe aondoke." Na kweli, nilivyotazama nyuso zao niliona hawakushangaa sana. Nyuma yao kidogo alikaa bwana mmoja wa makamo, na filimbi yake mpya ilikuwa mapajani. Nikamtambua bila kuambiwa. Ndiye yule wa ukoo mwingine. Hakuwa na ubaya wowote usoni, alikuwa anasubiri tu aitwe.

Nikamtafuta mama. Alikuwa amesimama nyuma ya wanawake wote, amejitanda kanga, na hakuwa anacheka.

"Mara ya mwisho," mzee akasema. Hakusema kwa ukali. "Jua linakwenda."

Nikafumba macho. Si kwa maarifa yoyote, ni kwa haya tu, nilitaka nisiwaone. Na nilipofumba nikajikuta niko chini kwenye migomba, mama yuko mbele na kitenge, na kule juu kwenye jiwe mtu anapuliza. Ngoma zikaanza. Sikuwasikiliza wenye ndevu. Nilimsikiliza yule wa kwenye jiwe, na nikapuliza alipopuliza. Fuu. Nikanyamaza alivyonyamaza. Fuu, fuu. Pakaja kile kimya kirefu, pale penye shimo ambapo wimbo ulikuwa unaanguka, na mimi, kwa moyo wangu wote, kwa sauti ya kifua kizima, nikasema:

"Kho!"

Nilijisikia mwenyewe. Damu ikanipanda masikioni. Lakini wakati uleule filimbi zote za kushoto zikaingia pamoja, safi, kama watu walioitwa kwa majina yao. Nami nikapuliza ile ya mwisho, fuu, na ikakaa mahali pake, na wimbo ukavuka. Haukuanguka. Ukazunguka ukarudi, na ulipofika palepale nikakohoa tena, kwa sababu sasa ningeachaje?

Wanawake walikuwa hoi. Bibi mtani alikuwa amekaa chini kabisa, miguu imenyooka, anafuta machozi kwa viganja, anasema, "Karudi! Wallahi karudi na kifua chake!" Mke wa mjomba alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye shavu. Wapigaji walikuwa wanacheka na filimbi mdomoni, ambalo ni jambo gumu, pumzi zinatoka vipandevipande, lakini hakuna aliyeacha mahali pake. Mzee hakuinua mkono. Tulipiga hadi kivuli cha mlima kikatufunika.

Tulipomaliza akaniuliza, "Hicho kikohozi nani alikufundisha?"

"Mjomba."

"Mjomba wako alikuwa anaumwa kifua, mwanangu. Hicho si wimbo."

Nikaanza kukikunja kigunia.

Jirani yangu wa kushoto akacheka taratibu, anafuta filimbi yake kwenye shati. "Lakini mzee, mimi ndiyo naingilia hapo," akasema. "Siku zote. Nikisikia kho, naingia. Nilikuwa sijui kama naisikiliza." Na mwingine akasema hata yeye. Wakatazamana kama watu waliokutwa wamevaa kiatu kimoja kimoja.

"Na sisi tulidhani ni huzuni," mzee akasema. "Tukifika hapo tunapotea, tunasema ni huzuni. Kumbe tunangoja kikohozi." Akanigeukia. "Basi kohoa. Usiache."

Yule bwana wa ukoo mwingine akaja akanipa mkono. Akasema yeye asingeweza hilo la kukohoa, hajawahi kuvuta tumbaku. Nikamwambia hata mimi sijawahi. Akacheka, akaenda na filimbi yake. Baadaye walimtafutia nafasi upande wa pili wa nusu duara, na anapiga vizuri kuliko mimi. Wengi wanapiga vizuri kuliko mimi. Mimi nina sauti moja na kikohozi.

Kesho yake tukashuka. Nilikuwa nimebeba mkungu wa ndizi, na shati limelowa kwa kukumbatiwa na kila mtu. Nimeitwa babu, mjomba, kaka na mtani, na jina langu nililopanda nalo sikulisikia hata mara moja. Tulipofika kwenye jiwe tukatua mizigo. Mama akanywa maji, akajitwisha tena, akasema, "Wewe baki kidogo."

"Nibaki nifanye nini?"

"Alikuwa akitusindikiza anabaki hapa anapiga hadi tufike kijitoni. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Katika kumbukumbu zangu muziki ule ulikuwa wa kufikia tu. Sikuwa nimeweka akilini kwamba hata kuondoka tuliondokea huohuo, labda kwa sababu kila tulipoondoka nilikuwa nalia.

Basi nikabaki. Nikaning'iniza miguu, nikaanza kupuliza, na mama akaenda zake. Nilimwona kwenye kona, halafu nikaona kitenge chake tu juu ya majani, halafu sikuona kitu. Niliendelea. Sikujua niache wakati gani, mjomba hakunifundisha hilo. Pale penye kimya kirefu nikavuta pumzi nikohoe, na kabla sijakohoa, kutoka chini kabisa kwenye migomba, sauti ya mwanamke ikapanda wazi.

"Kho!"

Mahali pake hasa. Nikacheka hadi filimbi ikanidondoka, na ikabidi niteremke kwenye nyasi kuitafuta.

Ndiyo hivyo. Sasa nimerudi kwenye miche yangu. Nimejaribu kumwambia mama aache kuniita kaka mbele ya wateja, lakini anasema mtu aliyerithi hachagui. Nikisikia mtu anakohoa barabarani mkono wangu unakwenda mfukoni wenyewe.

Nina ombi moja kwenu mliofika hadi hapa na mwandiko huu. Nimekuwa nikiwaza kwamba huenda siko peke yangu. Huenda na wewe kuna wimbo uliousikia njiani, mahali ulipopapenda ulipokuwa mdogo, ukaushika kipande tu ukadhani ndio wote. Niandikieni mniambie ni kipande gani, na kilisikika wapi, na kama mliwahi kumpata mwenye kipande kingine. Hata kama mwandiko wenu ni mbaya kuliko wangu, nitafurahi zaidi. Msipige simu, tafadhali. Kwenye simu mimi nanyamaza, na huko hakuna mwenzangu wa kujibu. Andikeni. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nasoma yote.